Diski inachemka, inaganda au inalia: kutafuta chanzo kabla data haijapotea

Kuanzia Januari hadi Machi, joto la mchana Dar es Salaam linapofika nyuzi 32 na 33 na unyevu hauachii hata usiku, swali ninaloulizwa zaidi ni hili: "Fundi, diski yangu inasoma 48. Niizime?" Nami hujibu kwa kuuliza: chumba chako kina nyuzi ngapi?

Wengi hawajui, kwa sababu wameitazama namba ya diski peke yake. Diski kuu hupozwa na hewa inayopita juu yake, kwa hiyo haiwezi kuwa baridi kuliko hewa hiyo. Kinachonipa habari ni tofauti kati ya diski na chumba. Diski yenye nyuzi 47 katika chumba cha nyuzi 33 ina tofauti ya 14, na hiyo ni diski ya kawaida iliyo katika mji wa joto. Diski yenye nyuzi 47 katika chumba chenye kiyoyozi, nyuzi 22, ina tofauti ya 25. Hapo kuna feni iliyokufa, au vumbi limeziba njia, au diski yenyewe inaumwa. Namba ni ileile, lakini hali hizo mbili hazifanani hata kidogo.

Ninazungumzia diski za kuzunguka, zile ambazo bado ziko kwenye kompyuta za mezani za ofisi, seva za shule, mashine za kurekodi kamera za ulinzi na diski za nje za kubeba. SSD, yaani hifadhi isiyo na kitu kinachozunguka ndani, nitaigusa kwa ufupi.

## Kabla ya kugusa chochote

Nakili data kwanza. Kama diski imeshaonyesha dalili yoyote kati ya nitakazozitaja, na ndani yake kuna kitu usichoweza kukipata tena, toa nakala ndipo upime. Kipimo kirefu husoma uso mzima wa diski. Kwa diski ya TB 4 ni kazi ya saa saba au nane, na diski iliyo mahututi inaweza isifike mwisho wa safari hiyo. Kijana mmoja wa studio ya picha aliniletea diski yenye harusi za mwaka mzima akiwa ameshaipima mara tatu mfululizo "ili kuwa na uhakika". Siku ya kwanza faili zilikuwa zinafunguka. Ilipofika kwangu haikuzunguka tena.

Baada ya hapo andaa vifaa. Kwenye Windows tumia CrystalDiskInfo, ambayo ni ya bure. Kwenye Linux weka smartmontools, kisha utumie amri `smartctl -A /dev/sda`. Zote mbili husoma daftari ambalo diski huliandika yenyewe kuhusu afya yake, linaloitwa SMART. Usihangaike na majina marefu ya kila mstari, shika namba. Tahadhari ni moja: smartctl huandika namba za mistari kwa hesabu ya kawaida, ilhali CrystalDiskInfo huziandika kwa hesabu ya kumi na sita (hexadecimal), inayotumia pia herufi A hadi F. Kwa hiyo:

- Joto: 194, au C2. Diski nyingine hutumia 190, yaani BE.
- Sekta (vipande vidogo vya uso wa diski vinavyobeba data) zilizohamishwa: 5, au 05.
- Makosa yasiyorekebishika yaliyoripotiwa: 187, au BB.
- Amri zilizokaa bila kujibiwa: 188, au BC.
- Sekta zinazosubiri hukumu: 197, au C5.
- Sekta zilizoshindikana: 198, au C6.
- Makosa ya mawasiliano kwenye kebo: 199, au C7.

Kinachosomwa ni safu ya mwisho, yaani hesabu ghafi. CrystalDiskInfo huonyesha hata hiyo kwa hesabu ya kumi na sita, hivyo 2D ni 45. Unaweza kuibadilisha kwenye mipangilio yake ili ikuonyeshe namba za kawaida, na nakushauri ufanye hivyo siku ya kwanza.

## Joto liko juu lakini kompyuta inafanya kazi vizuri

Pima chumba. Kipimajoto cha bei nafuu kinatosha, ila kiweke pale hewa inapoingilia kwenye kasha la kompyuta. Usikiweke ukutani upande wa pili, chini ya kiyoyozi. Iache kompyuta ifanye kazi yake ya kila siku kwa saa nzima, ndipo usome mstari wa 194.

Kwa diski ya inchi 3.5 yenye feni mbele yake, tofauti niliyoizoea ni nyuzi 8 hadi 14. Bila feni ya mbele, 15 hadi 20. Ikivuka 20 natafuta chanzo hata kama namba yenyewe haitishi.

Kikomo cha diski yako wewe, diski yenyewe inakijua. Amri ya `smartctl -l scttemp /dev/sda` hukuonyesha kiwango kinachopendekezwa na mtengenezaji, joto la juu kabisa ambalo diski imewahi kufikia, na mara ngapi imevuka mpaka. Kwenye diski nyingi huongeza pia orodha ya joto la dakika au saa zilizopita. Hiyo orodha naipenda sana, kwa sababu inaniambia kilichotokea kabla sijafika. Diski nyingi za mezani zimeandikiwa kuvumilia hadi nyuzi 60. Kwa mazingira ya Pwani mimi nimejiwekea utaratibu huu: chini ya 45 siulizi tofauti na chumba isipovuka 20, 45 hadi 50 natazama tofauti na chumba, 50 hadi 55 nafungua kasha wiki hiyohiyo, juu ya 55 nanakili data na kuzima.

Je, joto kweli linaua diski? Hapa watu wengi wanarithi imani bila ushahidi. Mwaka 2007 wahandisi wa Google, Eduardo Pinheiro, Wolf-Dietrich Weber na Luiz André Barroso, walichapisha uchunguzi wa diski zaidi ya 100,000 zilizokuwa kazini kwao. Walitegemea kuona diski za moto zikifa zaidi. Badala yake, katika viwango vya joto vya kawaida uhusiano huo haukuonekana, na diski zilizokaa kwenye ubaridi mwingi ndizo zilizokufa zaidi. Madhara ya joto yalijitokeza kwenye viwango vya juu kabisa, hasa kwa diski zenye umri wa miaka 3 na kuendelea.

Nauchukulia uchunguzi huo kwa uzito, lakini na mipaka yake. Diski zile zilikuwa kwenye vituo vya data vyenye hewa inayosimamiwa saa 24, si kwenye kasha lililobanwa kati ya meza na ukuta wa duka Temeke. Ninachokichukua kwao ni mambo mawili. Usishushe kiyoyozi hadi 16 ukidhani unarefusha maisha ya diski. Unalipa umeme bure. Na diski iliyovuka miaka mitatu ichunge zaidi ya mpya inapochemka.

## Diski moja inachemka kuliko jirani zake

Hii hutokea kwenye seva na kasha zenye diski tatu au nne. Tatu zinasoma 41, moja inasoma 50. Usinunue diski mpya bado. Zima, badilishana nafasi ya hiyo ya moto na ya baridi kabisa, washa, subiri saa nzima, soma tena.

Kama joto limebaki kwenye ile nafasi, tatizo ni hewa: feni ya upande huo, rundo la kebo lililokaa mbele yake, au diski imebanwa katikati ya mbili bila upenyo. Kama joto limemfuata mgonjwa kwenye nafasi mpya, tatizo ni diski. Beringi za mota zinazokufa huongeza msuguano, mota inakula umeme zaidi, na joto linapanda. Mara nyingi huambatana na mvumo mzito ambao hukuusikia zamani. Nakili, itoe.

Kama seva yako ina diski zilizoungwa pamoja kwa RAID, hakikisha mfumo unaruhusu kubadilishana nafasi kabla hujafanya hivyo. Mifumo mingi ya leo inaruhusu, ila ya zamani baadhi yake hufuata nafasi ya kebo, na ukikosea utatengeneza msiba mkubwa kuliko uliokuja kuutibu.

## Joto linapanda kidogokidogo, mwezi hadi mwezi

Vumbi. Kwa asilimia kubwa ya kasha ninazofungua, jibu ni hilo tu. Jijini vumbi letu limechanganyika na moshi wa magari, na karibu na bahari lina chumvi na unyevu, kwa hiyo halikai kama unga. Linashika kama ukoko. Chujio la mbele linaziba, feni inazunguka lakini haivuti kitu.

Toa kasha nje, tumia blowa au brashi laini, na ushike mapanga ya feni kwa kidole wakati unapuliza ili yasizunguke kwa kasi isiyo yake. Diski yenyewe ifute kwa kitambaa kikavu. Nyingi zina kitundu kidogo cha kupumulia, wakati mwingine kimeandikwa onyo pembeni kwamba kisizibwe. Usikipulizie hewa ya nguvu na usibandike stika juu yake. Kipo ili shinikizo la hewa ndani na nje lilingane.

## Namba ya joto ni ya ajabu, au haionekani kabisa

Mtu aliniandikia kwamba diski yake ina nyuzi 94489280557. Haikuwa imeungua. Baadhi ya watengenezaji hubana namba zaidi ya moja kwenye nafasi moja ya kumbukumbu: joto la sasa, na viwango vingine pembeni. Ukiifungua namba ile kwa hesabu ya kumi na sita unapata 16 mbele na 2D mwisho, yaani 22 na 45. Joto la sasa ni 45. Programu mpya zinajua kuzitenganisha. Za zamani hazijui.

Kosa jingine ni kusoma safu isiyo yenyewe. Kwenye mstari wa 190 thamani iliyosawazishwa, ambayo si hesabu ghafi, mara nyingi ni 100 ukitoa joto. Ukiona 55 ukaogopa, huenda diski yako ina nyuzi 45. Na katika safu hiyo namba ikishuka ndipo joto limepanda, jambo linalowachanganya wengi. Kwenye diski za Seagate mistari ya 1 na 7 pia hujaa namba kubwa za kutisha zisizo na maana ya ubovu. Ziache.

Ikiwa joto halionekani kabisa, angalia njia. Diski iliyo kwenye kasha la USB husomwa kupitia kipande kinachotafsiri kati ya USB na diski, na baadhi ya vipande hivyo havipitishi habari za SMART. Jaribu `smartctl -d sat -A /dev/sdb`. Diski zilizo nyuma ya kadi ya RAID zinataka njia yao, kwa mfano `-d megaraid,0`. Na kama bado unatumia hddtemp, programu ya zamani ya kusoma joto la diski, iache: ilishatelekezwa na haizijui diski mpya. Linux kuanzia toleo la 5.6 la mwaka 2020 ina moduli ya drivetemp ndani yake. Andika `modprobe drivetemp`, kisha `sensors`, na joto la diski litatokea pamoja na la prosesa.

## Kompyuta inaganda sekunde kadhaa, kisha inaendelea

Hapa ndipo watu hupoteza diski nzuri na kubaki na mbovu, kwa sababu sababu tatu tofauti kabisa huonekana sawa kwa anayekaa mbele ya skrini.

Anza na 199. Kama hesabu yake inaongezeka, data inaharibika njiani kati ya diski na madabodi. Diski haina kosa. Badilisha kebo ya SATA, au ihamishie tundu jingine. Hesabu ya 199 hairudi sifuri hata baada ya kutengeneza, kwa hiyo iandike kwenye karatasi leo, na uitazame tena baada ya wiki. Ikisimama pale ulipoiacha, umemaliza. Nimeona ofisi imetupa diski mbili kwa kosa la kebo moja iliyolegea, na ya tatu ikaanza kuganda vilevile.

Kama 199 imetulia, tazama 197 na 5. Hapa nataka tukae kidogo, maana kwetu umeme una mkono wake.

Diski inaposhindwa kusoma sekta, haiitupi papo hapo. Inaiweka kwenye 197, orodha ya watuhumiwa, na kungoja hadi siku itakapoandikwa upya. Ikiandikwa na kusomeka vizuri, jina linafutwa na 197 inashuka. Ikishindikana, diski inachukua sekta ya akiba badala yake, na 5 inapanda. Wakati huo wa kujaribu na kurudia ndio unaokugandishia kompyuta.

Sasa, umeme ukikatika katikati ya kuandika, sekta inaweza kubaki nusu. Uso wa diski ni mzima, lakini kilichoandikwa hakilingani na alama za ukaguzi, hivyo hakisomeki. Sekta hiyo itaingia 197 kama mtuhumiwa ingawa haina hatia. Ndiyo maana nikiona 197 ina 1 au 8 na 5 ina 0, natazama mistari miwili zaidi: 12, yaani mara ambazo diski imewashwa, na 192, mara ambazo umeme uliondoka ghafla na vichwa vya kusomea vikakimbilia maegesho yake bila kuagwa. Baadhi ya watengenezaji huihesabu 192 kwa namna yao, lakini kwenye nyingi ukikuta 12 ina 900 na 192 ina 600, jua kompyuta hiyo huzimwa na umeme kuliko inavyozimwa na mtu.

Tiba yake: toa nakala yote, uhakikishe inafunguka, kisha andika diski nzima upya kwa kuifomati kikamilifu, si ile fomati ya haraka. Soma tena. 197 ikirudi 0 na 5 ikibaki 0, diski haikuwa mbovu. Nunua UPS na uendelee. 5 ikipanda, au 197 ikirudi baada ya siku chache, basi uso umeharibika. Kwenye uchunguzi ule wa Google, diski iliyopata kosa lake la kwanza la kusomwa ilikuwa na uwezekano mara 39 zaidi ya nyingine wa kufa ndani ya siku 60. Sekta za kwanza kuhamishwa ziliuongeza uwezekano huo mara 14. Sisubiri kuona kama diski ya mteja wangu itakuwa na bahati.

Sababu ya tatu haina ubovu wowote. Diski nyingi za bei nafuu za leo huandika njia za data zikilaliana kama vigae vya paa, teknolojia inayofupishwa SMR. Ukizimwagia faili nyingi kwa mkupuo, zinajaza sehemu ya muda, kisha zinasimama kupanga upya. SMART yake ni safi, joto la kawaida, lakini kunakili kunashuka hadi kasi ya konokono. Kwa nakala za kuhifadhi inafaa. Kwa RAID, usiiweke.

## Inalia tik, tik, tik

Zima. Usiiwashe mara ya pili kuthibitisha ulichosikia.

Mlio huo ni vichwa vya kusomea vinavyotafuta alama za mwanzo kwenye visahani, vinakosa, vinarudi, vinajaribu tena. Wakati mwingine umeme ndio haufiki. Diski za inchi 3.5 zinahitaji volti 12 kuzungusha mota, na pawasaplai iliyochoka huishusha volti hiyo wakati wa kuwasha. Kwa hiyo una jaribio moja halali: chomeka diski kwenye pawasaplai nyingine nzuri, kwa kebo nyingine, mara moja tu. Ikitulia, umepata chanzo. Ikilia tena, kazi yako imeishia hapo. Kilichobaki ni cha wataalamu wenye chumba kisicho na vumbi.

Kuna ushauri unaosambaa wa kuiweka diski kwenye friza. Nakuomba usifanye. Ukiitoa kwenye hewa ya Dar es Salaam, Mombasa au Zanzibar, itatoka jasho kama chupa ya soda, na maji hayo yatapata njia hadi kwenye saketi na visahani. Usiifungue pia. Vichwa hivyo huelea nanomita chache tu juu ya kisahani, ilhali unywele wa mtu una unene wa nanomita zaidi ya 50,000. Chembe moja ya vumbi ni jiwe barabarani.

Unyevu huohuo ndio sababu ya kuwa mwangalifu unapoitoa diski nzima kwenye chumba cha seva chenye baridi kali. Iache ndani ya mfuko uliofungwa saa moja au mbili izoee hewa ya nje, ndipo uiwashe.

Kama diski bado inasomeka kwa kusuasua lakini hailii, tumia ddrescue: `ddrescue -d /dev/sdb picha.img ramani.map`. Inachukua kwanza yale yanayosomeka kwa urahisi, inaziacha sehemu mbovu ziwe za mwisho, na ile faili ya ramani inakuwezesha kusimama na kuendelea baadaye. Hakikisha mara mbili kwamba sdb ndiyo diski mgonjwa. Elekeza feni ya mezani juu yake wakati wote, maana kazi hii ina joto lake.

## Mashine ya kamera inapoteza rekodi

Hizi ndizo diski zinazoteseka kuliko zote, na hakuna anayezitazama mpaka siku ya wizi. Mashine imefungiwa kwenye kabati la mbao au juu ya dari chini ya mabati, nyingi hazina feni, na diski huandika saa 24 bila likizo. Mara nyingi aliyefunga aliweka diski ya kawaida ya mezani ili kupunguza gharama.

Dalili ni mapengo kwenye rekodi, mashine kujiwasha upya mchana wa saa nane na usiku kutulia, au mlio wa tahadhari usiokoma. Mpangilio wa saa ndio unaotaja chanzo. Kama matatizo yanakuja mchana tu, ni joto la dari. Kama yanakuja wakati wowote, tazama diski na pawasaplai. Mashine nyingi zina ukurasa wa hali ya diski kwenye menyu ya matengenezo. Kama yako haina, ichomoe diski uisome kwenye kompyuta. Iteremshe mashine kutoka darini, toboa kabati juu na chini ili hewa ya moto ipande na ya baridi iingie, weka feni ya milimita 120 nyuma, na ukibadilisha diski nunua iliyotengenezwa kwa kazi ya kamera.

## Diski ya nje inajitoa katikati ya kunakili

Kebo na umeme kwanza, joto baadaye. Diski ya inchi 2.5 hula umeme wa tundu la USB pekee, na matundu ya mbele ya kompyuta za mezani mara nyingi ni dhaifu. Chomeka nyuma, tumia kebo fupi, ondoa kigawanyio cha USB. Kama bado inajitoa, na hasa kama hujitoa baada ya nusu saa na si mwanzoni, iguse. Kasha la plastiki halina pa kutolea joto. Isimamishe wima mbele ya feni, usiilaze juu ya zulia au kitanda, na unakili kwa mafungu.

SSD za umbo la kadi, NVMe, zina tabia tofauti: zikikaribia nyuzi 70 au zaidi hupunguza kasi zenyewe ili zisiungue. Ukiona kasi inaporomoka baada ya dakika chache za kazi nzito, bandika kipozajoto.

## Vipimo vyote vizuri, na diski imekufa

Hili linauma, na linatokea. Kwenye uchunguzi wa Google, asilimia 36 ya diski zilizokufa hazikuwa na alama yoyote ya makosa kwenye SMART, ukiacha joto pembeni. Kampuni ya Backblaze ya Marekani, inayochapisha takwimu za diski zake, ilieleza mwaka 2016 kwamba asilimia 23.3 ya zilizokufa hazikuwa na kitu kwenye mistari mitano wanayoifuatilia: 5, 187, 188, 197 na 198. Saketi ikiungua ghafla, haina muda wa kuandika wosia.

Usitulizwe pia na boksi lililoandikwa saa 1,000,000 kabla ya kuharibika. Hiyo ni miaka 114, na hakuna diski itakayoifikia. Maana yake kihesabu ni kwamba chini ya diski 1 kati ya 100 zingekufa kwa mwaka. Watafiti Bianca Schroeder na Garth Gibson walipokagua mifumo halisi mwaka 2007 walikuta asilimia 2 hadi 4 zikibadilishwa kwa mwaka ni jambo la kawaida, na mahali pengine hadi 13. Ukiwa na diski 50 shuleni, panga bajeti ya moja au mbili kila mwaka hata kama zote zinasoma vizuri leo.

## Kuweka mlinzi

Kwenye Linux, smartmontools huja na smartd, inayokaa macho badala yako. Mstari wangu kwenye `/etc/smartd.conf` ni huu:

`/dev/sda -a -n standby,q -W 4,48,55 -m root -M test -s (S/../.././13|L/../../6/14)`

Sehemu ya W inasema: andika joto likibadilika kwa nyuzi 4, weka kumbukumbu likifika 48, tuma onyo likifika 55. Katika chumba chenye kiyoyozi ziteremshe ziwe 40 na 48, kwa sababu pale 48 ni dalili ya ugonjwa. Sehemu ya mwisho huendesha kipimo kifupi kila siku saa 7 mchana na kirefu Jumamosi saa 8 mchana. Mifano mingi utakayoikuta huweka saa 8 na saa 9 usiku, wakati ofisi zetu nyingi zimeshazimwa, na kipimo hakifanyiki kamwe. Ile `-M test` inatuma barua ya majaribio smartd inapoanza. Barua isipofika, mlinzi wako hana sauti. Rekebisha hilo kwanza, kisha uifute hiyo `-M test`.

Kwenye Windows, iruhusu CrystalDiskInfo ianze na kompyuta na ikae pembeni ya saa ikionyesha joto. Na ndani ya mlango wa kasha bandika karatasi yenye tarehe, joto la chumba, joto la diski, na hesabu za 5, 197 na 199 za siku hiyo. Fundi atakayefungua baada yangu ataanzia hapo.